Tanuri la Idil

Subira ni sifa njema, lakini wapo watu wanaoigeuza kufuli la kufungia midomo ya wanyonge. Bi Idil alifungwa kufuli hilo mwaka wa 1996, ukame ulipoikausha Garissa ikawa kama mfupa jangwani.

Nyasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mbuzi wa mtaa wao walishinda jalalani wakitafuna mifuko ya plastiki iliyolowa mchuzi. Mbuzi wa kwanza wa Idil alipovimba akafa, alimpasua. Tumboni alikuta donge la mifuko iliyosokotana kama kamba, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Alilibeba hadi kwa Korane, mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

Korane alilitazama kwa mbali. Alisema lori la taka lingekuja, na kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Mwalimu Mutanu, mpangaji wa Idil aliyehamishiwa huko kutoka Ukambani kufundisha sayansi, alikuwa ameshachora tanuri dogo la kuchomea taka za nyumbani: kuta za matofali, wavu wa nondo, tundu la hewa chini na dohani ndefu ya kupandisha moshi. Idil alipomwonyesha, Korane alikataa hata kuutazama mchoro huo. Wanawake wakijenga, alisema, wakubwa watadhani kamati yake imelala.

Kwani haikulala? Idil alijiuliza moyoni. Alirudi nyumbani akangoja. Alingoja hata mbuzi wake wa maziwa, tegemeo la mjukuu wake, naye akavimba tumbo likawa kama ngoma, akafa. Mtoto alipewa chai ya rangi akaikataa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Idil naye alilia, lakini yake yalikuwa machozi ya hasira, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

Alimwendea Mutanu akamwambia, "Mwalimu, tuanze leo."

Walifyatua matofali kwa udongo wa kando ya mto Tana. Moto wa kwanza ulizimika na moshi ukawarudia machoni, kwa sababu tundu la hewa lilikuwa dogo. Walibomoa, wakalipanua, wakauinua wavu, wakairefusha dohani kwa bati la pipa kuukuu. Mara ya pili moto ulinguruma, na moshi ukapaa mbali na nyumba.

Moshi huo ulimleta Korane, nyuma yake vijana wawili wenye sururu. Alitaka kujua ni nani aliyewapa ruhusa.

Idil alisimama mbele ya tanuri. "Mwenyekiti, nilikuletea kilichoua mbuzi wangu, ukaniambia nisubiri. Nimesubiri mpaka mjukuu wangu amekosa maziwa. Lori lako liko wapi? Kama ni kubomoa, shika sururu wewe mwenyewe. Usiwatume watoto wa watu ambao nao wanafukia mbuzi."

Adow, mmoja wa vijana wale, mama yake alikuwa amefukia mbuzi juma lile lile. Aliitua sururu chini. Mwenzake akafanya vivyo hivyo. Wanawake walikuwa wameshatoka majumbani na makapu ya taka. Korane alinywea kama kifaranga aliyenyeshewa, akaondoka.

Mifuko ya jalalani ilichomwa, na mbuzi waliosalia wakapona. Watu walimsifu Idil, lakini sifa hizo hazikumtuliza. Udongo ulikuwepo tangu mwanzo, mchoro ulikuwepo, na mikono ilikuwepo. Mbuzi wake wa maziwa ndiye asiyekuwepo tena. Aliwaambia wenzake, bila kutabasamu, wasikubali tena kuambiwa wangoje. Wahenga hawakukosea: ngoja ngoja huumiza matumbo.