Ushanga wa Tisini na Tisa

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awainue daraja zao, kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi mjane akiitwa Lubaba, fundi wa shanga za kioo. Alikuwa mkimya, mwenye kuota mchana kweupe macho yakiwa wazi, na jirani zake walimtania sana kwa hilo. Mali hakuwa nayo, wala mtoto. Alikuwa na taa ya mafuta yenye utambi mnene, mvukuto wa kukanyaga kwa mguu, na shauku moja iliyomkaa kifuani miaka ishirini: aione Nyumba Tukufu ya Makka kabla hajafa.

Maharimu, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza, alikuwa naye, kwani kaka yake Dhakwani aliongoza ngamia katika msafara wa mahujaji. Kilichokosekana ni kipando, na miguu ya Lubaba ilikuwa mibovu, asingefika hata mji wa pili. Kila mwaka alisimama mlangoni mpaka vumbi la msafara likatulia, kisha akarudi kwenye taa yake.

Mwaka huo Bibi Atika, mcha Mungu aliyepofuka uzeeni, alinuia Hija. Na machela ya ngamia, ndugu zangu, hukaliwa na watu wawili, mmoja kila ubavu, la sivyo hupinduka. Basi Bibi akampelekea Lubaba ujumbe: "Nitengenezee tasbihi ya shanga tisini na tisa za kioo safi, kusiwe na kiputo cha hewa hata kimoja, nami nitakupa upande wa pili wa machela yangu." Lubaba alilia kwa furaha mpaka akaona haya.

Nanyi msidhani ni kazi ya mchezo. Sindano ya chuma huchovywa kwanza kwenye uji wa udongo, ili kioo kisiigande, kisha huachwa juani mpaka udongo ukauke na kuwa mweupe kabisa. Ukibaki na unyevu, mvuke utaingia ndani ya kioo na kufanya kiputo. Kioo chenyewe kipanguswe vumbi. Moto ukiwa mkali mno, kioo huchemka. Na kinapoyeyuka, kizungushwe juu ya sindano polepole, bila kukikunja, maana kila kunjo hufungia hewa. Lubaba alizungusha kwa kadiri ya kutamka "Subhanallah" kwa utulivu, mzunguko mmoja kwa tamko moja. Sisi wa leo, tunaomaliza tasbihi nzima kabla chai haijapoa, tungejaza viputo mtungi mzima.

Siku zikapita hivyo. Akikaa mbele ya mwali aliona ndani yake njia ya mchanga mweupe, na watu waliovaa nguo nyeupe wakitembea bila kutoa sauti, naye yumo miongoni mwao, miguu haimuumi. Kioo kilining'inia kwenye sindano kama tone la asali. Akizinduka, hukuta ushanga umetimia, hauna doa. Akauzika kwenye majivu ya moto upoe taratibu, akashika sindano nyingine.

Asubuhi ya safari zilikuwa zimetimia tisini na nane. Alikuwa amechovya sindano ya mwisho ngoma ya msafara ilipolia kuwaita mahujaji wajiandae. Udongo ulikuwa bado wa kijivu. Aliuona, akajiambia utakauka humo humo motoni, akaitia sindano hivyo hivyo.

Alipoufukua ushanga, adhuhuri ilikuwa imepita. Ndani yake, karibu na tundu, palikuwa na kiputo kidogo kama chembe ya haradali. Muda wa kutengeneza mwingine haukuwepo, kwani ushanga usiopoa nusu siku majivuni hupasuka, na msafara ulikuwa uondoke baada ya Alasiri.

Jirani yake Rumaisa, naye fundi wa shanga, akaja akautazama. "Mwenzangu, usijiangamize," alisema. "Ufanye kama tunavyofanya sote, ushanga mbovu ukae kwenye fundo la uzi. Bibi Atika haoni, na kidole hakigusi kilicho ndani ya kioo. Nani atajua?"

Lubaba alishika uzi. Aliitaka safari ile kuliko pumzi yake, na mimi sitamsingizia kwamba hakutamani. Aliutunga ushanga ule kwenye fundo, upande mbovu ukaelekea ndani, akaegemea ukuta. Usingizi mwepesi ukamchukua. Akajiona amesimama mbele ya Nyumba Tukufu, mahujaji wote wakiitikia "Labbaika," naye akafungua kinywa aitikie. Halikutoka neno. Kila alipojaribu kilitoka kiputo kitupu, kikapanda hewani polepole, kikapasuka. Akaamka, akaichukua tasbihi, akatoka.

Alimkuta Bibi Atika uani, ngamia ameshapiga magoti. Akamsalimu, akambusu mkono, akampa tasbihi. Bibi akaipitisha vidoleni.

"Ni tisini na tisa, mwanangu?"

"Ni tisini na tisa, Bibi. Zilizo safi ni tisini na nane. Mmoja una kiputo."

"Uko wapi?"

"Kwenye fundo."

"Nani aliuweka kwenye fundo?"

Hapo Lubaba alitamani ardhi immeze. "Mimi, Bibi. Niliharakisha, nikakosea, kisha nikataka kukuficha. Nisamehe. Sharti lako sikulitimiza, kwa hiyo mahali pale si haki yangu."

Bibi Atika akalipapasa fundo. Kisha akasema, "Tasbihi ninazo sanduku zima, na waliozileta waliapa kwamba hazina doa. Mimi naenda kwenye nyumba nisiyoweza kuiona. Njia nzima nitauliza, jua limechwa? Maji ni safi? Kibla kiko wapi? Na nitakachoambiwa ndicho nitakachosimama nacho mbele ya Mola wangu. Sharti la shanga nimelifuta. Panda, mwanangu."

Lubaba akapanda akilia, machela yakakaa sawa.

Wakasafiri siku nyingi, jangwa likipita mbele yao kama ndoto isiyotaka kuisha. Asubuhi moja, wakiwa katika ihramu na wameshuka kwenye machela mjini Makka, Bibi Atika alisikia sauti ya Lubaba ikikatika katikati ya talbiya, ile "Labbaika" ya mahujaji. Akamshika mkono.

"Lubaba, unaona nini?"

"Naiona, Bibi. Iko mbele yetu."

Bibi Atika hakuuliza mara ya pili. Alianguka kusujudu pale pale, akiwa na yakini ya mtu aliyeiona kwa macho yake.

Basi tumwombe Mola, kila mmoja wetu kwa nafsi yake, atujaalie ulimi ambao kipofu anaweza kuuegemea. Amin.