Aliyerudisha Kicheko cha Bi Nyamizi

Nipeni nafasi nikae, na mwenye neno alishike mpaka nimalize, maana mwisho wa hadithi hii nitawaachia nyinyi wenyewe.

Nawaletea watu watatu ambao hawajawahi kukutana uso kwa uso. Mmoja yuko Moshi, mmoja Mombasa, mmoja Ujiji. Kilichowaunganisha ni mapenzi ya kitu ambacho wengi hukiona upuuzi: zile picha fupi za sinema za zamani zisizo na sauti, za watu wanaoteleza, wanaopigwa na ngazi, wanaomwagiwa unga na kukimbizwa na askari wanene. Wana kundi lao la simu, wao na wapenzi wenzao wa miji mingine, na shughuli kubwa ya kundi hilo ni kusaidiana kukumbuka. Mtu huandika kwamba utotoni aliona picha ambayo mpishi anakalia jiko la moto, na tangu hapo hajui inaitwaje. Wenzake humsaidia kusaka. Jina likipatikana hushukuriana, wakaanza kusaka jingine.

Humo kundini kila mmoja wa hao watatu alijulikana kwa kipaji chake.

Athanasi wa Moshi, muuza vipuri vya baiskeli, alijua watu wanavyoanguka. Mfunikie uso wa mchekeshaji, mwonyeshe anavyokwenda chini, atakutajia jina lake. Alisema kila mmoja ana anguko lake. Yupo anayetanguliza kichwa, yupo anayeokoa kofia kwanza, na yupo anayepiga hatua mbili tatu kama mzima ndipo mwili ukumbuke kwamba umegongwa.

Rukia wa Mombasa, msusi, hakushughulika na watu. Yeye alitazama vitu: milango, mapazia, magari, vibao vya maduka. Alikuwa na uwezo wa kukwambia kwamba kiti unachokiona katika picha hii ndicho kilichovunjwa katika picha ile, kisha kikagongwa misumari, kikarudishwa kazini.

Mzee Abubakari wa Ujiji alikuwa na mikanda yenyewe. Mjomba wake alizunguka miji ya reli enzi zake akionyesha picha kwenye kumbi, na alipofariki alimwachia mashine ya kuonyeshea na mikebe chungu nzima. Mzee Abubakari alijifunza kuifufua mikanda iliyokufa. Uliokatika aliuunga, ulioshikana aliutenganisha, na subira yake kundi zima liliifahamu.

Sasa tuwaache hao, twende Tabora.

Tabora aliishi Bi Nyamizi, mjane wa Mzee Mihayo, na binti yake Zuwena aliyekuwa akimtunza. Bi Nyamizi alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau alipoweka funguo, kisha njia ya sokoni, mwishowe akamsahau Zuwena mwenyewe na kumwita "dada", akimshukuru kwa adabu kila aletewapo maji, kama mgeni anayeogopa kuwachosha wenyeji.

Hayo Zuwena aliyavumilia. Kilichomshinda kilikuwa kingine. Kila siku baada ya adhuhuri mama yake aligeukia mlango, akainua kidole, akaanza kusema polepole, "Bado... bado... sasa." Mdomo ulikuwa umeshajiandaa kucheka. Alisubiri. Hakikutokea kitu. Kidole kikashuka, na mama wa watu akaanza kulia kama mtoto aliyeahidiwa akanyimwa. Akishalia hagusi chakula. Alikonda mpaka Zuwena akawa anaogopa kumwogesha, asije akamuumiza.

Daktari alimpima, akampa dawa za kumtuliza, akamshauri Zuwena kwa upole amzungushie mama vitu alivyovipenda ujanani. Zuwena akawaza. Aliwahi kusikia kwamba baba na mama yake walikutana kwenye ukumbi wa picha pale pale mjini, siku walipoonyeshwa vichekesho. Kichekesho gani, hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Ndipo akamrekodi mama yake kwa simu, kidole, mlango na machozi yake, akaomba kuingizwa katika lile kundi. Aliandika hivi: "Nadhani mama yangu anasubiri kitu kilichokuwa kwenye picha. Sijui jina, sijui mchezaji. Nawaombeni, maana hali chakula."

Wengi walijibu kwa pole na dua. Watatu walishika kazi.

Athanasi aliitazama ile rekodi mara nyingi akiwa dukani kwake, wateja wakimngoja. Wenzake walikitazama kidole, yeye akakitazama kiwiliwili. Aliona kwamba Bi Nyamizi, akishasema "sasa", hulaza mabega kidogo nyuma, kama anayekaa kwenye kiti, kisha huyumba upande. Akaandika kwamba kuna mchekeshaji mmoja tu aliyeanguka namna ile: yule bonge wa miwani mikubwa, ambaye akigongwa hukaa kwanza hewani, raha mustarehe, kabla ya kupinduka. "Mama anamwigiza," alisema. "Mwili wake unamkumbuka mtu huyo." Kundi likashangilia. Lakini bonge huyo alicheza picha nyingi mno, na nyingi kati ya hizo zimepotea. Athanasi alikuwa amempata mtu, picha yenyewe bado.

Rukia akapokea hapo. Alimpigia Zuwena, akamwambia, "Dadangu, sahau kichekesho. Niambie mama hushika nini, huchora nini, hugusa nini." Zuwena akakaa na mama yake kutwa nzima akimtazama kwa jicho hilo jipya. Jioni akamjibu kwamba mama hubana kitu kwapani, asichotaka kidondoke, na hujisemea "bata, bata". Tena, akiuelekea mlango, huchora duara kwa kidole. Mlango wao hauna duara lolote.

Kwa Rukia hilo lilitosha kuanzia. Mlango wenye dirisha la duara alikwisha kuuona katika picha mbili za kampuni iliyomwajiri yule bonge. Katika ya kwanza kioo kilikuwa kizima, katika ya pili kina ufa, dalili kwamba kiligongwa katika picha iliyochezwa katikati. Alizitazama picha zote zilizobaki za kati ya hizo, asubuhi kabla wateja hawajaingia na mchana akisuka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Hakuna iliyokuwa na bata. Wengine wangekata tamaa. Rukia akaenda kwenye matangazo ya zamani ya kumbi za ng'ambo, na mwishoni akapata moja lililofifia: bonge kasimama mlangoni, bata kwapani, amekuja kuposa. Chini yake jina, ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema "Posa ya Bata". Alilituma kundini, na mara akajibiwa na wajuao kwamba picha hiyo ni miongoni mwa zilizopotea. Rukia alikuwa amepata jina la kitu kisichokuwepo.

Mzee Abubakari alisoma hayo akiwa anakunywa kahawa. Kwenye mikebe ya mjomba kulikuwa na mmoja ulioandikwa "Harusi" kwa kalamu ya wino. Aliwahi kuufungua, ukamtolea harufu kali ya siki, dalili ya mkanda unaooza, akaufunika akijua hakuna la kuokoa. Harusi za watu wasiojulikana aliona hazina maana kwake. Lakini posa na harusi si mbali. Akautoa, akashika ncha yake, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kijipicha kidogo kuliko ukucha, mtu mnene alikuwa amebana bata kwapani.

Mkanda ulikuwa umeshikana kama kaukau za mihogo zilizolowa. Aliufungua kwa vidole na mvuke wa maji, kipande kwa kipande, kila siku hatua ndogo, macho yakimwuma. Palipokatika aliunga. Pale penye mlango, pale pale Bi Nyamizi alipopangoja, palivunjika mikononi mwake vipande vitatu, na mzee huyo aliniambia kwamba aliweka vipande mezani akatoka nje kwanza. Alivirudisha pamoja. Alijua kwamba mkanda uliochoka namna ile huenda ukapita kwenye mashine mara moja tu. Hakuujaribu kwake. Aliufunga pamoja na mashine, akapanda treni kwenda Tabora.

Alifika asubuhi, akapokewa na Zuwena kama baba. Walitundika shuka jeupe sebuleni, wakafunga madirisha kwa vitenge. Zuwena aliwasha simu yake kurekodi shuka lile na kulirusha moja kwa moja kundini, Athanasi na Rukia wakafuatilia kutoka kwao. Mchana ulipofika, Bi Nyamizi akageukia upande wa mlango kama kawaida yake. Zuwena akamgeuza taratibu, atazame shuka.

Bonge akatokea, bata kwapani. Kaka wa binti anayeposwa ameficha ndoo ya chokaa juu ya mlango wenye dirisha la duara. Bonge si mjinga, anausukuma mlango kwa ncha ya mguu na kujikinga. Ndoo haianguki. Anaingia. Bi Nyamizi akainua kidole.

"Bado," akasema.

Bonge anatazama juu, anaridhika, anapangusa viatu.

"Bado."

Anageuka kuufunga mlango nyuma yake, kwa adabu za mkwe.

"Sasa."

Ndoo ikashuka. Bonge akakaa hewani kama aliyekaribishwa kiti, akatulia hapo, kisha akapinduka, bata akarukia kichwani pake. Bi Nyamizi akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimtoka, na Zuwena naye akalia pembeni yake kwa sababu nyingine. Mkanda ulikatika kabla ya picha kwisha, lakini hakuna aliyejali.

Alipotulia, mama akamtazama binti yake. "Zuwena," alisema, "baba yako alikaa kiti cha mbele yangu. Hapo alicheka akanigeukia, kama tuliojuana siku nyingi. Nikajua nitaolewa na huyu." Kisha akaomba ugali, akala, akaongezewa.

Na baada ya kula, akavua bangili ya fedha aliyovishwa na Mzee Mihayo siku ya ndoa yao. Hakuwahi kuivua, hata alipolazwa. Mkono ulivyokonda, ilitoka yenyewe. Akaiweka kwenye kiganja cha Zuwena.

"Mpe aliyenirudishia," alisema. "Awe nayo, aje amvishe ampendaye."

Zuwena akamuuliza ni nani anayemkusudia. Lakini mama alikuwa ameshaanza kusinzia, na alipoamka alimwita tena "dada".

Tangu siku hiyo Zuwena humwonyesha ile picha kwenye simu kila mchana. Bi Nyamizi huicheka kama ndiyo kwanza anaiona, kisha hula. Amenenepa kidogo. Siku nyingine hulitaja jina la binti yake, siku nyingine hapana. Ila kila akishacheka hupapasa mkono wake mtupu na kuuliza kama yule mtu amepewa zawadi yake. Hilo halisahau.

Zuwena alipeleka habari kundini, akawaomba watatu hao waamue wenyewe. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Athanasi alisema apewe Mzee Abubakari, maana mtu na jina havimchekeshi mgonjwa, anayemchekesha ni bonge akianguka mbele ya macho yake.

Mzee Abubakari alisema apewe Rukia. Mkanda ulikaa kwake miaka yote hiyo, na kama si neno "bata" angeufukia siku moja na takataka za siki. "Mwanangu," alimwambia Zuwena, "mimi nilikuwa nimekalia hazina nikidhani ni uozo. Aliyenifumbua macho ndiye wa kushukuriwa."

Rukia alisema apewe Athanasi. Milango duniani ni mingi, na mabata ni mengi zaidi. Asingejua aanzie kwa nani kama Athanasi hangemwona yule bonge ndani ya mabega ya bibi mgonjwa.

Wapo kundini waliosema ikatwe vipande vitatu, lakini bangili iliyokatwa haimvishi mtu. Wapo waliosema izungushwe, kila mmoja na mwaka wake. Zuwena akakataa, kwa kuwa mama alitaja mmoja. Na wapo walionong'ona kwamba ibaki kwa Zuwena, aliyewatafuta wote. Yeye alisema hilo lisirudiwe, kwani mtoto hapewi zawadi kwa kumlisha mama yake.

Mimi nimewajua wote watatu kwa sauti zao tu, na kila nimsikilizapo mmoja naona haki iko kwake. Mchana wa kesho Bi Nyamizi atacheka tena, atapapasa mkono wake, na binti yake atahitaji jibu. Aliyemtambua mtu, aliyelipata jina, aliyeuokoa mkanda. Haya, semeni nyinyi mliosikiliza: bangili mngempa nani?