Nguchiro Alivyomdai Fisi Kitasa

— Nawatupia ngano!
— Itupe tuidake.
— Ni nzito.
— Tutaibeba wote.
— Ina mfupa ndani.
— Meno tunayo.

Haya, dakeni.

Hapo kale Fisi alipewa machinjio. Mnacheka. Hata mimi ningecheka, ila waliofanya kazi humo hawakucheka. Watu husema usimkabidhi fisi bucha, wakadhani ni msemo tu. Huyu alikabidhiwa bucha, na machinjio, na funguo zote juu yake. Msiniulize nyama ilikuwa ya nani. Katika ngano nyama hutoka tu, na mimi sipendi kukatizwa.

Ndani ya machinjio palikuwa na reli, juu, na kwenye reli kulabu, na kwenye kulabu nyama. Reli ikivutwa, kulabu zinapita: kwacha, kwacha, kwacha. Nungunungu anachuna ngozi, kwacha. Kima anapasua, kwacha. Nguchiro anaosha matumbo, kwacha. Fisi akiona njaa, naye Fisi huona njaa kila siku, anapaza sauti: "Vuteni!" Reli inakimbia, kwachakwachakwacha. Visu vinateleza, damu inamwagika sakafuni, na haijulikani kama ni ya nyama au ya Kima.

Mwisho wa reli palikuwa na chumba cha barafu. Humo alifanya kazi Digidigi, kwa sababu mwili wake mdogo ulipenya katikati ya mapande. Nyama yenyewe hakuila, hata kuonja hakuonja. Lakini kazi ni kazi. Digidigi, kama mjuavyo, huishi wawili wawili, mume na mke. Mmoja akiinama kunywa maji, mwenzake anamlinda. Basi kila jioni mkewe alikuja kumngoja langoni, wakarudi nyumbani bega kwa bega.

Mlango wa chumba kile ulikuwa mzito. Ukiuachia, puu! Na kitasa chake kilikuwa nje tu. Kwa ndani ni bati tupu, hakuna pa kushika. Aliye ndani akitaka kutoka hugonga, ngo, ngo, ngo, mpaka aliye nje asikie.

Wafanyakazi wakaunda chama. Wakamchagua Nguchiro awe msemaji wao, kwa kuwa alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno. Wakaenda wote kwa Fisi.

"Bwana mkubwa," akasema Nguchiro, "tunaomba reli ipunguzwe kasi. Tunaomba gambuti, sakafu inateleza. Na tunaomba kitasa cha ndani kule kwenye barafu."

Fisi akacheka, uuwi-hi-hi-hi. "Kitasa cha ndani cha nini? Mkiweza kutoka mnapotaka, mtatoka kuota jua. Hapa sisi ni familia moja. Mimi ni baba yenu. Tangu lini mtoto akamdai baba yake kitasa?"

Halafu akaanza kuwaita pembeni, mmoja mmoja. Kima akaahidiwa unyapara. Nungunungu akapewa gambuti, yeye peke yake. Kila aliyerudi kutoka pembeni alirudi akitazama chini. Kikao kilichofuata Nguchiro alisema peke yake, na Fisi hakusumbuka hata kumjibu.

Ikawa siku moja Fisi akaona njaa kuliko siku zote. "Vuteni! Vuteni!" Reli ikakimbia, machinjio yakajaa kelele. Mlango wa barafu ukajifunga, puu! Ndani Digidigi akagonga: ngo, ngo, ngo. Nje kulabu zikajibu: kwachakwachakwacha. Akagonga tena. Kima alisikia kitu, akadhani ni kulabu.

Jioni watu wakatoka. Mkewe Digidigi alikuwa langoni, kama kawaida yake.

"Mume wangu yuko wapi?"

Nungunungu ndiye aliyekimbia kwenda kufungua.

Hapa pananiuma, na ningeparuka kama ngano ingekubali. Walimkuta nyuma ya mlango, kwato zimechubuka kwa kugonga. Mkewe akaingia akajilaza kando yake ili ampashe joto. Hakuna aliyethubutu kumwambia inuka. Walisimama tu mlangoni, wameushikilia usijifunge.

Sasa sikilizeni. Ukoo wa Nguchiro na ukoo wa Digidigi ni watani tangu mababu. Kazi ya mtani msibani mnaijua. Mtani ndiye anayechimba kaburi. Mtani ndiye anayewatania wafiwa hata kilio kikiwa kikali. Na mtani akitaka anaingia kaburini analala, hatoki mpaka mfiwa ampe anachodai. Huruhusiwi kumkasirikia, maana kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kuibia msiba. Tena kwa mila za wanyama wale, kaburi likiwa wazi hakuna anayeshika kisu.

Nguchiro akachimba. Hakulia, alikuwa anafikiri.

Fisi naye akaja msibani. Hakuja kulia. Alikuja kuuliza watu watarudi lini kazini, kwa sababu reli ilikuwa imesimama na nyama imeanza kuita nzi. Lakini kabla hajauliza, pua yake ikakutana na harufu ya chungu.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema Nguchiro. "Majirani wamechanga, tumepika. Kidari chote tumemwekea mfiwa mkuu. Taabu yetu ni moja. Marehemu hana baba, hana mjomba. Hatujui kidari tumpe nani."

Mate yakamtoka Fisi, tiri, tiri, tiri. "Hana baba?"

"Hana."

"Na mimi je? Sijawaambia kila siku kwamba sisi ni familia moja? Huyu alikuwa mwanangu kabisa. Mfiwa ni mimi. Leteni hicho kidari."

Nguchiro akageuka. "Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Mfiwa ni nani?"

"Ni Fisi."

Fisi akala kidari. Akala nyama, akala mafuta, akatafuna na mfupa, kacha, kacha. Alipoinua kichwa, Nguchiro hakuwepo. Alikuwa kaburini, amelala chali, mikono kifuani, macho ameyafumba.

"Mtani toka, tuzike," wakasema watu.

"Sitoki. Mfiwa anipe changu."

Fisi akacheka, maana ilimbidi acheke. "Haya, mtani. Unataka kuku?"

"Sitaki kuku."

"Unataka pombe?"

"Sitaki pombe. Nataka kitasa cha ndani."

Fisi akatazama huku na huku. "Hayo ni mambo ya kazini. Hapa ni msibani."

"Mwanao amefia wapi, baba?"

Fisi akafuta mafuta mdomoni. Kule chini Nguchiro akanyoosha mkono akagonga udongo: ngo, ngo, ngo. "Baba, nifungulie." Ngo, ngo, ngo. "Baba, kuna baridi." Ngo, ngo, ngo. "Baba, hunisikii?" Waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Mjane alikuwa ameinamia jeneza, akalikumbatia.

Fisi akajaribu njia yake ya zamani. "Kima," akanong'ona, "hebu njoo hapa pembeni."

Kima akatazama kaburi, akatazama miguu yake. "Msibani watu hawaitwi pembeni, bwana mkubwa."

"Nungunungu, njoo wewe."

Nungunungu akainama, akavua gambuti zake, akaziweka mbele ya Fisi. Akabaki pekupeku pamoja na wengine.

Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya nyama kutoka machinjioni. Vuuu, nzi wakapita juu ya msiba. Fisi akavuta pua, akaona shibe yake yote inaoza kwenye kulabu.

"Nitakiweka kesho," akasema.

"Mtani halipwi kesho. Nami huku chini sina haraka, nimepata kitanda."

Fisi akazunguka kaburi, akarudi, akazunguka tena. Mwisho akamwita Kigogota, fundi wa miti na mabati. "Nenda kaweke hicho kitasa." Kigogota akaruka. Msiba mzima ukakaa kimya kusikiliza: ko-ko-ko-ko, ko-ko-ko-ko. Kisha Kigogota akarudi akasema, "Kimekaa. Nimejifungia nikajifungulia."

Nguchiro akatoka kaburini, akajikung'uta udongo. Mjane akamwita.

"Mtani."

"Naam, shemeji."

"Utani huu mbona hukuufanya mapema?"

Nguchiro akatafuta maneno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumpungukia. "Mapema hapakuwa na kaburi, shemeji," akasema. Hapo ndipo alipolia, akalia kuliko wafiwa wote, na hakuna aliyemtania.

Wakamzika Digidigi. Baada ya maziko mjane hakwenda nyumbani. Akaenda machinjioni, na wote wakamfuata nyuma. Akaingia chumba cha barafu, akauachia mlango. Puu! Nje watu wakatega sikio.

Kwa ndani wakasikia, tak. Mlango ukafunguka, mjane akatokea. Akarudi ndani. Puu! Tak. Akatokea tena. Akarudi. Puu! Tak. Ukwato mmoja tu, kuusukuma kidogo, na mlango mzito unafunguka wenyewe. Akasimama pale kizingitini akakitazama kile kitasa.

"Ni hiki tu?" akauliza. "Kilichokuwa kinatakiwa ni hiki tu?"

Nguchiro akageuza uso. Na Fisi, kutoka mwisho wa reli, akasema, "Basi, mmeshapata mnachotaka. Vuteni."

Reli ikaanza, kwacha, kwacha, kwacha. Mjane akatoka langoni akashika njia ya nyumbani. Alitembea upande mmoja wa njia, na upande wa pili akauacha wazi.

Ngano lazima iwe na funzo, la sivyo wazazi wenu watasema ninawapotezea muda. Basi funzo ndilo hili: mvumilivu hula mbivu. Mfanyakazi mwema haungani na wenziwe kudai kitasa. Anakaa kimya, anagonga taratibu asiwasumbue waliomo kazini, anasubiri. Siku moja kitasa kitawekwa, na bwana mkubwa atamwita "mwanangu" mbele ya watu wote. Kama mnabisha, nendeni mkamuulize Digidigi.

— Ngano nimeitua.
— Tumeiona.
— Anayeweza aibebe.
— Na asiyeweza?
— Asiikanyage.