Mbegu za Makaburini

Imepokewa kutoka kwa waliohifadhi habari za waja wema kwamba hapo zamani, kusini mwa nchi za Waarabu, ulikuwako mji mdogo uitwao Jarwan, na riziki ya mji huo ilitoka kwenye mti wa aina moja tu, mti wa ubani. Miti hiyo ilijaa katika bonde lililo nyuma ya mji, mifupi, imejikunja kama wazee wenye baridi. Watu waliichanja kwa kisu, utomvu ukachuruzika kama machozi, ukakauka juani, na ngamia wakaupeleka bandarini. Ulikochomwa baada ya hapo, watu wa Jarwan hawakuuliza. Moshi ulikuwa wa wengine, kisu kilikuwa chao.

Wazee wa mji huo, Mwenyezi Mungu awarehemu, waliacha desturi. Mti uliochanjwa miaka mitatu ulipumzishwa miaka mitano. Na kila mwaka, kabla ya msimu kufunguliwa, mtu aliyepewa cheo cha Amini alisimama uwanjani mbele ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akiwa na mbegu mia moja alizookota bondeni, akazipasua moja moja juu ya jiwe watu wote wakitazama. Mti wenye afya huzaa mbegu yenye kiini. Mti uliochoshwa huzaa pepe: ganda zuri, ndani hamna kitu. Zenye kiini zikizidi nusu, visu vilitoka. Zikipungua, bonde zima lililala mwaka mzima, na watu wakala tende na subira. Mahali pamoja tu hapakuguswa na kisu mwaka wowote: makaburini, ambako miti iliachwa inenepe kwa heshima ya maiti.

Katika zama za kisa hiki Amini alikuwa mwanamke, Bi Thuwaiba bint Harith, mjane mcha Mungu aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Yasemekana hakuna mwanamume aliyempinga, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na ujira.

Sasa, bandarini walipenda ubani wa Jarwan, na kila mwaka walitaka zaidi ya mwaka uliopita. Mkuu wa wafanyabiashara, Mundhir bin Ghassan, hakuwa mtu mwovu. Alisali safu ya mbele, alifuturisha maskini, na kwa mali yake msikiti ulipanuliwa mara mbili, kisha ukajengewa mnara. Lakini kila jiwe la mnara lilitoka bondeni kwa njia yake. Mapumziko ya miaka mitano yakawa mitatu. Mitatu ikawa mmoja. Bi Thuwaiba alilalamika, na Mundhir akamjibu mbele za watu kwa upole:

"Bi Thuwaiba, mji usiokua ni mji unaokufa."

"Mtoto asipokua, mama yake hulia," akasema. "Mzee asipoacha kukua, bwana Mundhir, huyo ana uvimbe. Aitiwe tabibu."

Watu wakacheka sana. Kisha wakaenda kununua visu vipya.

Ukaja mwaka wa ukame katika nchi za jirani, na watu wakamiminika Jarwan kutafuta kibarua cha kuchanja. Miongoni mwao alikuwamo Nasiba, mwanamke wa watoto watano na mume mgonjwa wa kifua. Alipewa kibanda karibu na nyumba ya Bi Thuwaiba, wakawa majirani, wakaombana chumvi na moto.

Wiki moja kabla ya Siku ya Kupasua, Bi Thuwaiba alijaribu mbegu kwanza nyumbani, kama baba yake alivyomfundisha. Kati ya mia, thelathini tu zilikuwa na kiini. Nasiba alikuwa amekaa kizingitini akimnyonyesha mdogo, akayaona maganda matupu yalivyotapakaa mkekani.

"Mama, hizo zina maana gani?"

"Maana yake mwaka huu hakuna kuchanja."

Nasiba hakulia. Alimtoa mtoto kifuani, akamtazama kama mtu anayetazama kitu atakachokiacha njiani. "Nyinyi wenyeji mna tende zenu ghalani, mama. Na sisi? Tutakula hizo pepe?"

Wanazuoni wamesema kuwa Shetani humjia fasiki kwa mlango wa tamaa, na humjia mtu mwema kwa mlango wa huruma, kwa kuwa ndio mlango asioufunga. Bi Thuwaiba alikwenda makaburini asubuhi ya pili, akaokota mbegu mia chini ya miti ambayo haijawahi kuonja kisu. Siku ya Ijumaa akazipasua. Themanini na tatu zilikuwa na kiini. Watu wakapiga takbira, Nasiba akambusu mikono, na visu vikatoka.

Na ajabu ya mwaka ule, ubani ulitoka mwingi kuliko miaka yote. Mti uliochanjwa pande zote, usioachiwa pa kupumulia, ulitoa utomvu mpaka mizizini. Mundhir alisema hiyo ni baraka. Imamu wa msikiti, Shekhe Kutaiba, alihutubu kuwa shukrani huzidisha neema. Bi Thuwaiba peke yake alijua kuwa mwenye kutokwa damu nyingi si lazima awe na damu nyingi. Akasali, asipate ladha ya sala. Kila aliyemwombea dua njiani alimwongezea mzigo.

Mwaka uliofuata akaokota mbegu bondeni, kwa haki. Akazijaribu. Zenye kiini zilikuwa kumi na moja.

Mundhir akaja kwake siku mbili kabla ya Ijumaa, akabisha hodi kwa adabu, akakaribishwa, akakaa.

"Nasikia mbegu mwaka huu si nzuri."

"Si nzuri."

"Basi pitia makaburini, bibi. Kama mwaka jana."

Bi Thuwaiba akamtazama usoni.

"Nilikuona," akasema Mundhir. "Nilikwenda kumzuru marehemu mama yangu. Sikusema, kwa sababu ulifanya jambo la heri. Watu elfu mbili wanakula kwa kisu siku hizi. Ukilifunga bonde mwaka huu, hata miaka kumi haitoshi kulifungua. Kweli si kweli?"

"Kweli. Labda ishirini."

"Unaona basi! Nani atangoja miaka ishirini? Na usinilazimishe kuwaambia watu walioyanunua maneno yako mwaka jana ulikozitoa zile mbegu."

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

Ijumaa ilipofika, uwanja ulijaa mpaka ngazi za mnara. Bi Thuwaiba akapasua mbegu mia, moja moja, na watu wakahesabu naye kwa sauti. Walipofika hamsini sauti zilikuwa zimepungua. Walipofika mia alibaki anahesabu peke yake. Kumi na moja.

Kisha akasema: "Enyi watu, mwaka jana nilikudanganyeni. Mbegu zile niliziokota makaburini. Nilimwonea huruma mtu mwenye njaa, nikawaibia watu ambao hawajazaliwa. Natubu kwa Mwenyezi Mungu, na nakuombeni radhi. Bonde linakufa. Likipumzishwa leo, huenda wajukuu wetu wakalikuta. Likichanjwa mwaka huu, hakuna atakayelikuta."

Shekhe Kutaiba akasimama, akarekebisha kilemba chake. "Mama, toba yako Mola aikubali. Lakini tusimdhanie Mola ubahili. Hazina zake hazipungui."

"Hazipungui, shekhe. Lakini hakutukabidhi hazina zake zote. Alitukabidhi bonde."

Hapo Mundhir akanyanyua mkono, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ndugu zangu, mimi si msomi, nauliza tu. Huyu bibi amekiri kwa ulimi wake kuwa mwaka jana alisema uongo. Na mwaka jana, kwa uongo wake, tulipata ubani ambao babu zetu hawakuupata. Leo anasema kweli, na kweli yake ni njaa. Aliyekiri uongo, ushahidi wake unapokelewa?"

"Haupokelewi!" wakasema watu, na walivyofurahi kulisema.

"Hata kanzu yake imechakaa," mmoja akapaza sauti kutoka ngazini. "Anataka wote tuvae kama yeye!" Kicheko kikazunguka uwanja.

Bi Thuwaiba akamtafuta Nasiba kwa macho. Nasiba alikuwa safu ya mbele ya wanawake, na upande wa wanaume alikuwapo mume wake, ambaye sasa alikuwa amepona na alikuwa na kisu kipya kiunoni.

"Nasiba, wewe uliziona zile thelathini. Sema."

Nasiba akainamisha kichwa. "Mama, mwaka jana ulinihurumia. Mwaka huu umenichoka?"

Wakamvua uamini saa ileile. Wakamvika Shekhe Kutaiba, kwa kuwa hakuna mwaminifu kuliko imamu. Naye akatoka na mfuko mtupu, mchana kweupe, akaelekea makaburini, watu wakimtazama mgongo. Alirudi akazipasua: tisini na moja. Wakapiga takbira.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupunguza sauti, wakasema watu walidanganywa. Hawakudanganywa. Waliiona njia aliyoipita. Mwaka wa Bi Thuwaiba walikuwa wajinga, na mjinga ana udhuru. Mwaka huu walijua, wakaitikia amina.

Msimu huo bonde lilitoa nusu. Uliofuata likatoa robo, na ubani wake ulikuwa mweusi, wenye harufu ya gome. Shekhe akatoa fatwa kuwa wafu hawadhuriki, na miti ya makaburini ikachanjwa. Ilistahimili msimu mmoja. Kisha hapakuwa na mti wala mbegu ya kupasua, na mnara ukabaki umesimama mzuri, ukionekana kutoka mbali zaidi kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kuuziba.

Watu wakaanza kuhama, wageni kwanza. Nasiba alipita mlangoni kwa Bi Thuwaiba na mzigo kichwani na watoto watatu. Bi Thuwaiba hakumuuliza walipo wawili. Nasiba alisimama kizingitini pale pale alipokaa zamani.

"Mama, laiti mwaka ule ungenikatalia."

"Laiti," akasema Bi Thuwaiba.

Wakakumbatiana, na hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana lawama huhitaji nguvu.

Mwisho akaja Mundhir, amekonda, na ngamia wake wamefungwa mizigo nje. Alibisha hodi kwa adabu yake ileile. Akaomba radhi, naye akamsamehe, kwa kuwa muumini hamnyimi radhi mwenye kuiomba. Lakini Mundhir hakuinuka.

"Bibi, marehemu baba yako alitembea sana milimani. Wazee husema aliliona bonde jingine la ubani, ambalo halijaguswa. Unalijua?"

Mwanamke mwingine angesema hapana, na nani angemlaumu? Neno dogo tu, la kuokoa msitu mzima. Lakini Bi Thuwaiba alikwisha kusema uongo mmoja kwa nia njema, na akayaona matunda yake.

"Ninalijua," akasema. "Na sikuambii."

Mundhir akatabasamu, si kwa dharau, bali kwa uchovu. "Utakufa nalo?"

"Inshallah nitakufa nalo."

"Hapana shaka. Lakini sasa najua kuwa lipo." Akainuka, akavaa viatu vyake. "Ngamia ninao, na wenye njaa wa kulitafuta hawakosekani. Tutakwenda kwa utaratibu safari hii. Tutajifunza."

"Mtaanza na nini?"

Akafikiri kidogo, kwa ikhlasi kabisa. "Tutaanza na msikiti," akasema.

Walilipata bonde lile katika mwaka wa tatu. Bi Thuwaiba alifikiwa na habari hiyo akiwa mgonjwa, na imesimuliwa kuwa aligeuza uso ukutani, akasema, "Ewe Mola, mimi sikuwaambia," akalirudia neno hilo mpaka roho yake ikatoka. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapo wanaoongeza kuwa baada ya kufa kwake mvua ilinyesha na bonde la Jarwan likachipua upya. Habari hiyo sikuikuta kwa yeyote wa kuaminika.

Enyi mnaosikia, tumezoea kuhadithiwa kuwa kweli ikisemwa huokoa. Ya Bi Thuwaiba haikuokoa hata mti mmoja; ilimwokoa yeye mbele ya Mola wake, na hilo si dogo, lakini watoto wawili wa Nasiba hawakupata fungu katika hilo. Alichelewa mwaka mmoja tu. Mwaka ambao neno lake lilikuwa bado na uzito alilitumia kufurahisha watu, na alipotaka kulitumia kuwazuia, akakuta amekwisha kulitumia. Sisi nasi tuna mabonde yetu, tunayajua kwa majina, na tunajua mbegu zetu tunaziokota wapi. Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe ulimi aliompa Thuwaiba, na atupe mapema kuliko alivyompa yeye.