Liamba ni la Nani?

Hapo zamani, katika mji wa Mkunguni, aliishi mtunzi wa mashairi jina lake Shekue. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Tumu, alikuwa mtu wa maneno machache. Mdogo, Zuhra, alikuwa na sauti. Akiimba kisimani, wenzake husahau kuteka maji.

Tumu ndiye aliyemuuguza bibi yake mzaa mama. Kila kukipambazuka bibi husema, "Tumu, liamba hilo."

"Liamba ni nini, bibi?"

"Ndivyo mama yangu alivyoita asubuhi. Lakini si asubuhi yoyote, mjukuu wangu. Ni pale unapomtambua umpendaye kwa uso, na rangi ya nguo yake bado huioni."

Bibi akafa. Neno likabaki kwa Tumu peke yake.

Ikawa Shekue anatunga shairi la harusi ya binti wa Mwana Aziza, akakwama kwenye kina. "Mke wangu, nitafutie neno la asubuhi linaloishia na mba."

Tumu akasita sana. "Lipo, liamba. Lakini ni la bibi yangu. Uliimbe wewe mwenyewe, usimpe mtu."

"Nimekuahidi."

Siku ya harusi Tumu aliketi kati ya wanawake, moyo umemjaa furaha. Mara akasimama Zuhra. Akaimba. Alipofika kwenye liamba akalivuta neno, akalizungusha, akalishusha polepole, na ukumbi mzima ukalia. Tumu naye alilia, lakini kwa uchungu. Akasema moyoni, "Nyumba tunagawana. Mume tunagawana. Hata bibi yangu?"

Mwana Aziza akavua mkononi kekee, bangili yake ya fedha. "Neno lile sijapata kulisikia. Kekee hii ni ya mwenye neno. Ni nani?"

Zuhra akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono wako, mwenzangu!" Tumu akapaza sauti, na watu wakashangaa, maana hawakuwahi kumsikia hivyo.

Shekue akaitwa mlangoni. Mwana Aziza akamuuliza, "Liamba maana yake nini?"

"Asubuhi."

"Basi?"

"Basi."

Tumu akaeleza maana yote, kama alivyoambiwa kitandani pa mgonjwa.

Zuhra akasema, "Mimi hayo sikuambiwa. Nilipewa shairi nikaimba. Lakini nyinyi mlilia kabla ya kujua maana. Mlilizwa na nani?"

Shekue akasema, "Ahadi nimeivunja, sikatai. Sauti yangu mnaijua. Ningeimba mimi mngecheka. Lakini neno lilikuwa moja, halina pa kukaa. Mimi nimelijengea shairi. Bila mimi Tumu angezikwa nalo."

"Bora ningezikwa nalo!" Tumu akasema. "Bora hivyo kuliko kulisikia kinywani mwake!"

Mwana Aziza akamtazama. "Kumbe sisi hukutaka tulisikie kabisa?"



Siku ile ile Tumu alifunga nguo zake akarudi kwao, na Shekue hakumfuata. Zuhra hakuliimba tena shairi lile, ingawa aliombwa sana.

Lakini pale ukumbini, kabla hawajatawanyika, kekee ilitoka mkononi mwa Mwana Aziza ikavishwa mmoja wao. Sisemi nani. Semeni nyinyi mnaonisikiliza: yupo aliyelitunza neno akalinyima watu, yupo aliyelijengea shairi akavunja ahadi, yupo aliyewaliza watu kwa neno asilolijua. Je, nani alistahili?