Bendi ya Vuchange Iliposimama Kilimani

Kusimama si kukoma. Mmeisikia jana kwenye kikao cha shule, mwalimu alipomwambia mzazi ambaye binti yake anarudia kidato cha nne, na mmekuja kuuliza kama ni maneno ya wahenga. Wahenga hawakuwahi kuisikia. Methali hii ilianza hivi, hapahapa kwetu milimani Upare, na mtu aliyeitamka kwanza wengi wa rika langu tulimsalimia kila siku. Jina lake Zefania Mrutu.

Zefania alikuwa mpigaji wa besi katika bendi ya matarumbeta ya kanisa la Vuchange. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mpigaji kiunoni na kutokeza kinywa chake juu ya bega. Ni zito, na pumzi linayohitaji si ya mchezo. Kila mwaka, sikukuu ya mavuno, watu walikusanyika chini barabarani na vikapu vyao vya mahindi, ndizi na maharage, kisha bendi ikawaongoza kupanda hadi kanisani kileleni. Njia ile ina kona saba. Bendi za vijiji vingine hupanda vilima vyao kwa vituo. Ya Vuchange haikusimama hata mara moja. Kwa miaka thelathini na mmoja Zefania alitangulia mbele, akipiga na kupanda, na msemo wa wana-Vuchange ukawa ni huo: "Sisi hatupumziki." Walijivuna nao, na yeye alijivuna kuliko wote.

Alipokuwa na miaka sitini na miwili, siku moja akirudi shamba, alisikia nyama ya nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti, inakazwa kama mtu anayekamua nguo mbichi. Akasimama. Baada ya dakika mbili tatu maumivu yakaondoka yenyewe, kana kwamba hayakuwapo. Akaendelea. Hatua mia mbili mbele, yakarudi palepale.

Hakumwambia mtu. Alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Siku nyingine alijifanya kutazama mahindi ya jirani. Mwaka ule, katika maandamano ya mavuno, alipanda kwa kung'ata meno mpaka kona ya nne, kisha akashusha besi na kumwaga mate yaliyokusanyika ndani, polepole mno, wakati wenzake wanampita. Walidhani chombo kimeharibika. Aliwafikia kanisani sala zikiwa zimekwisha kuanza, akaketi kiti cha nyuma, na hakumtazama mtu usoni.

Baada ya hapo akaanza kukaa. Shamba akawaachia wanawe, dukani akawa anatuma, na mazoezini akaacha kwenda kwa kisingizio cha kifua. Alijichua mguu kwa dawa kila asubuhi, akawasha sigara yake, akatulia barazani. Akikaa hakuumwa, kwa hiyo akaona kukaa ndiyo dawa.

Mkewe, Nakiete, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alasiri, akimkata kucha za miguu, alishika mguu wa kushoto, akashika wa kulia, akarudia tena wa kushoto.

"Huu wa kulia ni wa baridi," alisema. "Na vinyweleo vyake vimekwenda wapi?"

"Ni uzee, mama."

"Miguu yako ilizaliwa siku moja," Nakiete alijibu. "Mbona umezeeka mmoja?"

Kesho yake wakaenda zahanati.

Tabibu wa zahanati alikuwa mwanamke kijana kutoka Iringa, jina lake Twilumba. Alimwamkia, akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akamlaza kitandani. Aliweka vidole viwili juu ya mgongo wa unyayo wa kushoto kutafuta mapigo ya damu, akatikisa kichwa kukubali. Akaviweka juu ya unyayo wa kulia, akavihamisha, akavihamisha tena. Alimpima presha mkononi, halafu akafanya jambo ambalo Zefania hakuwahi kuliona: akafunga kile kitambaa cha presha juu ya kifundo cha mguu.

"Mzee, mguu wako hauna shida ya nyama wala mifupa," alisema alipomaliza. "Mishipa inayoshusha damu mguuni imekuwa myembamba. Mafuta yamejishika kwenye kuta zake kwa miaka mingi. Ukikaa, damu kidogo inayopita inatosha. Ukitembea, nyama za mguu zinadai damu zaidi, haifiki, ndipo zinakubana. Ukisimama, zinapata, zinanyamaza."

Maelezo yale yalilingana na yote aliyokuwa akiyaficha mwaka mzima, tangu viatu hadi mate ya besi.

"Unavuta sigara?"

"Tangu nikiwa na miaka ishirini."

"Basi hiyo ndiyo inayoibana kuliko vyote." Twilumba alivuta kiti, akakaa karibu. "Sikutishi, babu, ila nitakuambia ukweli. Mishipa hii ikiendelea kuziba, siku utakapojikwaa na kupata kidonda kidoleni, hakitapona. Nimewaona watu waliokatwa mguu kwa kuanzia kidonda kidogo kama punje ya mchele. Na mishipa ya moyo nayo huziba vivyo hivyo."

Alimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Huko walimpiga picha ya mshipa, wakaona pale penye wembamba, juu kidogo ya goti. Daktari alisema kuna njia ya kuupanua kwa kupitisha mpira mwembamba ndani yake, lakini hajafikia hapo, na wengi hawafikii kamwe wakifuata masharti. Akampa vidonge vya kulainisha damu, vya mafuta na vya presha, vya kumeza kila siku. Na akamwagiza jambo la mwisho, ambalo Zefania alirudi nalo kwa Twilumba akidhani amesikia vibaya.

"Wameniambia nitembee. Mguu unauma nikitembea, nao wananiambia nitembee?"

"Wamekuambia sawasawa," Twilumba alisema. "Tembea mpaka maumivu yakukaze barabara. Hapo simama, yaishe yote. Kisha tembea tena. Nusu saa, na siku zisipungue tatu kwa wiki. Ule mshipa hautarudi kuwa wa kijana, ila vijishipa vidogo vya pembeni vitajifunza kupitisha damu. Havijifunzi kwa mtu aliyekaa barazani."

"Nisimame njiani, kila mtu ananiona?"

"Ndiyo."

"Binti yangu, mimi ni Zefania wa bendi ya Vuchange. Sisi hatusimami."

Twilumba hakubishana. Alimpa tarehe ya kurudi.

Sigara ilikuwa vita. Wiki ya kwanza alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukawaka, na alimfokea Nakiete kwa chumvi, kwa mlango, kwa kuku. Mwezi wa pili, kwenye msiba wa rafiki yake, mtu akamnyooshea moja, akavuta. Alikwenda zahanati mwenyewe akakiri. Twilumba akamwambia aanze kuhesabu siku upya, asihesabu aibu. Akaanza upya, na hakurudia tena.

Kutembea kulimshinda kwa namna nyingine. Mwanzoni, kutoka lango lake hadi mashine ya kusaga, alisimama mara nne. Waliopita walimsalimia na kumuuliza anamngoja nani, naye akataja jina lolote lililomjia. Mpaka siku moja bibi mmoja muuza mboga akamwambia, "Baba, huyo unayemngoja nimempita shambani kwake, wala hana habari." Zefania akacheka, na baada ya kucheka akashindwa kuongopa tena.

"Mshipa wa mguu wangu umebanwa," alisema. "Nangoja damu ifike."

Bibi akatua kikapu chake. "Kumbe. Basi hata mimi ngoja nipumzike na wewe." Wakasimama pamoja wakizungumza habari za mvua, na mguu uliponyamaza akaendelea. Tangu siku ile aliwaambia wote waliomuuliza, na aligundua kwamba kuficha kulikuwa kumemchosha kuliko kilima.

Mwezi wa tatu alifika mashineni kwa vituo viwili. Mwezi wa tano, kwa kimoja. Mwezi wa sita alipita mashine, akafika shule. Twilumba alimpima tena kifundoni, akaandika, akamwonyesha namba zote mbili, ya zamani na ya mpya. Hazikutofautiana sana. "Lakini wewe umetofautiana," alimwambia, na Zefania akatoka pale kifua mbele kama kijana aliyeposa akakubaliwa.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, alirudi mazoezini na besi lake. Mchungaji alimwambia atampandisha kwa gari la kanisa. Alishukuru, akakataa. Kisha akawageukia wapigaji wenzake, akawaeleza yote, tangu ile siku ya kamba ya viatu.

"Kona saba ni nyingi kwangu," alisema. "Nitasimama mara tatu, labda nne. Nikisimama, nipiteni. Msiharibu jina la bendi kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Mimi nitafika."

Nakundwa, dada aliyekuwa akiongoza matarumbeta madogo, aliyefundishwa na Zefania tangu akiwa darasa la sita, ndiye aliyejibu. "Mwalimu, na sisi tukipita bila besi, wimbo utakuwa umesimama juu ya nini?"

Wakashika vyombo vyao, wakaanza mazoezi.

Siku yenyewe watu walikuwa wengi, na wageni wa Mfinga, kijiji cha jirani, walikuja na bendi yao kutazama. Bendi ya Vuchange ikaanza kupanda, Zefania mbele. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Baada ya ya tatu mguu ukakaza, naye akausubiri ukaze barabara kama alivyofundishwa. Akasimama pembeni ya njia, akiendelea kupiga, akatazama chini ili asione wenzake wanavyompita.

Hakuna aliyempita. Alisikia nyayo zikipiga mara moja, zote pamoja, zikatulia. Wimbo haukukatika hata nukta moja. Bendi nzima ilikuwa imesimama nyuma yake, ikipiga, na nyuma ya bendi msururu wote wa watu umesimama, akina bibi wakitua vikapu na kujipangusa jasho.

Kiongozi wa bendi ya Mfinga, mtani wao wa miaka mingi, alikuwa ukingoni mwa njia. Alingoja ubeti uishe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Vuchange, leo mmekoma!"

Vicheko vikatokea huku na huku. Zefania akatoa mdomo kwenye besi. Alikuwa akihema, lakini alinyooka.

"Tumesimama," alisema. "Kusimama si kukoma."

Mguu ukanyamaza. Akaweka mdomo kwenye besi, akapiga hatua, na bendi ikapiga hatua. Walisimama tena kona ya tano, na tena ya saba, kila mara wakipiga palepale. Walipofika kileleni Zefania aligeuka kutazama nyuma, akaona jambo ambalo kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuliona. Miaka yote ile, bendi isiyopumzika ilifika na vijana, na wazee na wenye mizigo wakafika sala zikiendelea, kama alivyofika yeye mwaka uliopita. Leo muuza mboga alikuwa palepale nyuma ya ngoma. Nakiete alikuwa kando yake. Akina bibi na vikapu vyao, mama mwenye mtoto mgongoni, babu mwenye fimbo mbili, wote walikuwa mlangoni, na hakuna aliyebaki njiani.

Yule mtani wa Mfinga aliyepanda nao alivua kofia, akampa Zefania mkono.

Tangu mwaka ule bendi yetu husimama kona ya tatu, ya tano na ya saba, hata sasa ambapo wapigaji wote ni vijana na miguu yao haina kasoro. Mgeni akituuliza kama tumechoka, anajibiwa na kijiji kizima, watoto kwa wazee, kwa maneno yaleyale ya Zefania, nasi tunajibu kwa fahari. Zefania alipiga besi mavuno mengine tisa, kwa miguu yake yote miwili. Basi mwambieni na yule binti anayerudia kidato: kusimama si kukoma.