Utando wa Sikuzani Mdomoni mwa Mtungi

Paukwa!

Pakawa.

Wa karibu na mlango sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi kaeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa ukilala mpaka jua la utosini, palikuwa na kinamasi juu ya mlima. Udongo wake haukuwa na kitu. Maji matupu na mchanga. Kwa hiyo mimea ya hapo ilijifunza kula wadudu. Majani yake yalijikunja yakawa mitungi, kila mtungi na mfuniko wake, na mdomoni pakatoka utamu kama asali. Mdudu alikuja, akalamba, akateleza hadi kwenye maji ya ndani. Chubwi. Kisha kimya, jii.

Katika mitungi hiyo waliishi buibui. Walikuwa na ada yao, waliyoachiwa na bibi zao. Buibui akihamia mtungini hutanda nusu ya mdomo tu. Nusu ya pili huiacha wazi. Akimaliza kutanda, huimba polepole:

*Nusu yako, nusu yangu.*
*Atelezaye ni wako,*
*anasaye ni wangu.*

Aliyejua kutanda kuliko wote aliitwa Sikuzani. Uzi wake haukuwa na fundo. Akiona tundu popote, miguu ilimwasha mpaka alizibe. Msimu huo alikuwa ametaga. Mayai aliyafunga katika kifuko cheupe, akakigandisha chini ya mfuniko wa mtungi wake, pasipofika mvua. Na kifuko cha buibui kikishagandishwa hakibanduliwi. Ukikibandua, mayai hayaanguliwi tena.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito kama maziwa, alisikia sauti ndani ya mtungi. Nyii, nyii. Alikuwa Nondo, ametota mabawa.

"Mama Buibui, nivute."

"Wewe umeteleza," Sikuzani akasema. "Atelezaye si wangu."

"Nyii. Maji yananichoma, mama. Nivute."

Sikuzani akatazama mfuniko. Akatazama kifuko chake. Moyo wa mwenye mayai ni laini. Akateremsha uzi, taratibu, akamvuta Nondo mpaka ukingoni. Nondo akajikung'uta, vumbi la mabawa likang'aa.

"Wema kama wako sijauona kinamasi kizima," akasema. "Ila wenzangu watateleza kesho. Na hilo tundu liko wazi tu hivyo."

Aliposikia tundu, miguu ikamwasha. Akatanda. Akatanda nusu yake, akatanda na nusu ya mtungi, uzi juu ya uzi, mpaka mdomo wote ukawa kama mkeka. Siku ile hakuimba.

Wadudu wakaja kwa makundi. Wakalamba asali, wakatembea juu ya mkeka, usionata katikati, wala hakuna aliyezama. Wakamsifu Sikuzani asubuhi, wakamsifu jioni. Akilala, sifa zilimbembeleza kama pembea.

Wifi yake, Mashavu, aliishi mtungi wa pili. Akaja kuona.

"Wifi, umekuwa mwokozi siku hizi?"

"Naona huruma, wifi. Wanalia sana mle ndani."

"Na jana jioni ulikula nini?"

"Usubi mmoja. Alinasa pembeni."

"Kumbe. Unamwokoa asiliwe na mtungi, upate kumla wewe. Huruma yako ina meno, wifi yangu."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukucheka, ndiyo. Na kukuuliza: mwenye nyumba anakula nini?"

Akaondoka zake juu ya uzi wake, kwa kunyata, hata umande haukudondoka.

Sikuzani akarudi kwenye mkeka wake. Lakini siku zilizofuata alianza kuona. Shingo ya mtungi iligeuka manjano. Asali ikawa nyepesi, kisha ikakauka. Wadudu wakapungua. Mfuniko ukaanza kuinama, kidogo leo, kidogo kesho, na kifuko cheupe kikawa kinachungulia nje. Upande wa pili wa mlima, ngurumo zilikuwa zikipita. Gu-gu-gu.

Akafanya kile buibui anachokijua. Akaufunga mfuniko kwa nyuzi, huku na huku. Mfuniko ukainama pamoja na nyuzi zake. Jani lenye njaa halishikizwi kwa uzi.

Ndipo akashuka katikati ya mkeka, akaukata uzi wa kwanza.

Nondo alikuwa akipita. Akatua ukingoni. "Mama, unafanya nini? Wenzangu watazama."

"Watazama."

"Mimi uliniokoa."

"Nilikuokoa. Nikamnyima chakula anayewafunika wanangu. Nenda, Nondo. Maua yako mengi bondeni. Ukingo huu si wa kusimama."

"Nalamba kidogo tu, naondoka."

"Nimekwambia."

Lakini ulimi ulikuwa umezoea. Pale ukingoni palibaki tone moja, la mwisho, ndani kidogo. Nondo akainama. Sikuzani hakumsukuma. Alikuwa na uzi mguuni, tayari. Akaushika. Hakuuteremsha.

Chubwi.

Nyii, nyii. Kisha nyi. Kisha jii.

Sikuzani akalia bila sauti, kama buibui waliavyo. Akakata nyuzi zilizobaki, akaacha nusu yake. Sauti ilimtoka ikitetemeka:

*Nusu yako, nusu yangu.*

Mvua ikaja, nyembamba kwanza. Mfuniko haukuinama zaidi. Siku zikapita katika ukungu, zikifanana. Wengine wakateleza, wengine wakanasa. Manjano ikarudi kuwa kijani, kutoka shingoni kwenda juu. Hata mvua kubwa ilipoanguka, mfuniko ulikuwa umesimama, na kifuko kilikuwa kikavu.

Mayai yakaanguliwa. Watoto wa buibui, wadogo kama mbegu za ufuta, wakapanda juu ya mfuniko. Kila mmoja akatoa uzi mmoja, akauelekeza kwenye upepo umpeperushe mbali. Ndivyo wafanyavyo. Upepo ukaanza, vuu.

"Wengine watatua majini," Sikuzani akasema.

"Wengine," akajibu Mashavu, aliyekuja kuwaaga watoto. Safari hii hakucheka.

Miguu ikamwasha Sikuzani. Angeweza kutanda mkeka wa kuwazuia wote, na hakuna ambaye angeutoboa. Akaikunja miguu yake chini ya tumbo, akaketi juu yake. Nyuzi zikainuka zikimeremeta, moja, nyingine, nyingine, zikaingia kwenye ukungu. Akazitazama mpaka macho hayakuona tena nyuzi, yakaona weupe tu.

Basi wasikilizaji, wakubwa na wadogo: jambo lenye mwendo wake liachieni mwendo wake. Ukikizibia kifo mlango mmoja usioujua, huenda unakifungulia mlango wa chumba wanamolala wanao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uzi wake nimeukata mimi mwenyewe.